Tuulizwe Kabla ya Kuamuliwa: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Shule za Umma

Waheshimiwa mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi, wakaguzi na wajumbe wa bodi za shule za umma,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu aliyefundisha katika shule za umma kwa miaka 22, nikiwa mzazi ambaye watoto wake wote watatu wamepitia shule hizo hizo, na nikiwa mtu ambaye mwenyewe alijifunza kusoma katika darasa la umma, akiwa amebanwa kwenye dawati moja na wenzake wawili. Sikutumwa na chama chochote wala sina cheo ninachokiwania. Nimesukumwa na madaftari yangu. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilijizoeza kuandika, kila jioni kabla ya kufunga darasa, jambo moja ambalo mwanafunzi, mzazi au mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia siku hiyo kuhusu maisha yake ya shuleni, na ambalo niliona halina mahali pa kuandikwa katika fomu yoyote niliyotakiwa kujaza. Mazoea hayo hayakuniacha. Daftari la kwanza lilijaa, likafuata la pili, na sasa ninaandika katika la tisa.

Mwezi uliopita niliyasoma yote upya. Shida zilizomo ni nyingi, ingawa baadhi zilitatuliwa na nyingine zilikuwa ndogo. Lililonihuzunisha ni kuona kwamba karibu kila jambo lililoandikwa humo lilijulikana na mtu fulani pale shuleni muda mrefu kabla halijafika ofisini, na kwamba mengi hayakufika ofisini kabisa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia kitanda hiki wapo, wanazungumza, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Taarifa zinazopanda kutoka darasani hadi kwenu hupoteza nyama kila zinapovuka ngazi. Mwalimu wa darasa anajua kwamba mtoto fulani amekonda, anasinzia na amekuwa mkimya tangu muhula uanze; mwalimu mkuu anapokea idadi ya wasiofanya vizuri; ofisi iliyo juu yake inapokea asilimia; nanyi mnapokea mstari mmoja ndani ya jedwali unaosema kwamba ufaulu umepanda au umeshuka. Jedwali hilo si la uongo. Hata mimi ninalihitaji, kwani bila idadi ya walioandikishwa, waliohudhuria na waliofanya mtihani hakuna anayeweza kupanga wala kugawa chochote kwa haki. Lakini uamuzi unaotegemea jedwali peke yake humfikia mtoto kama dawa iliyoandikwa na tabibu ambaye hajamwona mgonjwa.

Nitoe mfano wa msichana aliyeingia darasani kwangu akiwa tayari ana sifa ya uzito wa kuelewa. Ripoti zake za miaka miwili zilisema hivyo kwa maneno yale yale, kana kwamba kila mwalimu alinakili kwa aliyemtangulia, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa alikuwa mrefu, alikuwa akiketishwa nyuma kabisa karibu na ukuta, na alikuwa amezoea kunakili kutoka kwenye daftari la jirani yake badala ya ubaoni. Siku moja nilimuuliza, bila ukali, kwa nini haangalii ubao, naye akanijibu kwamba ubaoni kuna ukungu. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mtu yeyote. Alisema hakuna aliyemuuliza, na kwamba alidhani kila mtu anauona hivyo. Alipopatiwa miwani alisoma ubao mzima kwa sauti, mstari kwa mstari, akianzia na tarehe iliyoandikwa juu, nasi tukamwacha amalize. Miaka miwili ya mtoto huyo ilipotea kwa kukosa swali moja, na katika majedwali yenu miaka hiyo ipo, imehesabiwa katika safu ya wasiofaulu.

Mahudhurio nayo yana alama mbili tu, yupo na hayupo. Kijana mmoja aliandikwa mtoro siku 31 katika muhula mmoja, na kwa utaratibu tuliokuwa nao alipaswa kufika mbele ya kamati ya nidhamu pamoja na mzazi wake. Mzazi hakuja, na kutokuja kwake kukachukuliwa kuwa ushahidi wa malezi mabaya. Mwalimu mwenzangu aliamua kwenda nyumbani kwao baada ya kazi, akakuta kwamba mzazi huyo hawezi kuinuka kitandani, kwamba kijana ndiye anayemwogesha na kumlisha na kuwapeleka shule wadogo zake wawili, na kwamba siku alizofika darasani ni zile ambazo jirani alikubali kushika zamu. Wakati huo kamati ilikuwa imeshaandaa adhabu. Adhabu ilifutwa, nashukuru, lakini ni haki niseme pia kwamba mwalimu huyo alikemewa kwa kwenda huko bila kibali.

Wazazi wamejaza zaidi ya daftari moja. Kauli ninayoisikia kwao kuliko nyingine zote ni kwamba shule huwaita pale tu jambo linapoharibika. Baba mmoja aliniambia kwamba kila anapoona namba ya shule kwenye simu yake hushikwa na hofu, kwa sababu katika miaka sita ya masomo ya mwanawe hajapigiwa hata siku moja kuambiwa neno jema. Mikutano ya wazazi hupangwa saa za kazi, kisha kumbukumbu za mkutano zikaandikwa kwamba mwitikio wa wazazi ulikuwa hafifu. Mama anayelipwa kwa siku akikosa kuja mkutanoni hajaupuuza. Amelinda ujira ambao bila huo watoto wake hawataishi. Wapo pia wazazi ambao wao wenyewe hawakupata nafasi ya kusoma, wanaoipokea ripoti ya mtoto kwa mikono miwili, wakaitazama kwa makini, wakashukuru na kuondoka bila kujua kilichoandikwa, kwa kuwa ni aibu kumwomba mwalimu akusomee huku wazazi wengine wamepanga foleni nyuma yako. Nilichelewa sana kuligundua hili. Tangu nilipoligundua huisoma ripoti kwa sauti kwa kila mzazi, awe msomi au asiwe, ili asiwepo wa kujitenga.

Mama mwingine, ambaye mwanawe hasikii vizuri, aliiandikia ofisi husika akiomba jambo dogo kabisa: walimu wamwelekee mtoto wanapozungumza, wasizungumze huku wameugeukia ubao. Alipata jibu la sentensi moja kwamba barua yake imepokelewa. Akangoja muhula mzima, akaandika tena, akapata sentensi ile ile. Mtoto huyo amekwisha kuhitimu. Mama bado ana nakala za barua zote mbili, na aliponionyesha aliniuliza ni nani aliyezisoma. Sikuwa na la kumjibu, na swali lake ndilo lililonifanya niketi kuandika barua hii.

Kuhusu walimu nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni upande ninaouishi. Walimu wamesema kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, kwamba mtoto mdogo hujifunza vizuri zaidi katika darasa ambamo mwalimu anaweza kumfikia, na kwa miaka mingi kauli hiyo imepokewa kama malalamiko ya watu wanaotafuta kazi nyepesi. Kuanzia mwaka 1985 jimbo la Tennessee nchini Marekani lilifanya jaribio ambalo ndani yake watoto na walimu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 na wengine katika madarasa ya wanafunzi 22 hadi 26, na watoto wakafuatiliwa kwa miaka minne ya mwanzo ya masomo yao. Waliokuwa katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na katika hisabati, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa jamii zilizoachwa nyuma. Darasa lililoitwa kubwa katika jaribio hilo lingekuwa faraja kwa walimu wengi ninaowafahamu. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba neno la mwalimu lililodhaniwa kuwa manung'uniko lilikuwa, tangu mwanzo, taarifa ya kitaalamu kutoka kwa mtu aliyekuwa akitazama.

Mwaka 2023 UNESCO ilikadiria kwamba dunia itahitaji walimu zaidi milioni 44 wa shule za msingi na sekondari ifikapo mwaka 2030, na kwamba zaidi ya nusu ya hitaji hilo inatokana na walimu wanaoacha kazi. Mimi nimewaona wanavyoondoka. Mmoja wao alikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Alikuwa na namna ya kulisubiri jibu la mtoto mwoga, akanyamaza hata darasa zima likanyamaza naye, mpaka jibu likatoka. Aliondoka baada ya miaka minne. Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa na sentensi mbili na ilitaja sababu za kifamilia. Mimi aliniambia kwamba katika miaka hiyo minne hakuna mkubwa wake hata mmoja aliyewahi kumuuliza anaendeleaje bila kuwa na fomu mkononi, na kwamba usiku alikuwa akijaza taarifa ambazo hakuwahi kupata dalili kwamba zinasomwa, huku madaftari ya wanafunzi yakisubiri kusahihishwa. Katika takwimu zenu bado ameondoka kwa sababu za kifamilia.

Mtaniambia kwamba ukaguzi upo. Upo, na ninawaheshimu wengi wanaoufanya, lakini sote tunajua unavyokwenda. Taarifa ya ujio hutangulia, kuta hupakwa rangi, mafaili hupangwa, maandalio ya masomo yaliyochelewa huandikwa kwa mkesha, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwapanga wanafunzi wangu ili wanaojibu vizuri wakae mbele. Mkaguzi akiondoka amesoma karatasi zetu tu. Katika miaka 22 nimemwona mmoja aliyefanya tofauti. Wakati wa mapumziko aliyafunga mafaili, akaomba tumwache peke yake, akaenda kuketi na wanafunzi kwenye kivuli. Baada ya dakika kama 20 alirudi akiwa anajua kwamba mlango wa choo cha wasichana hauna komeo, na kwamba wasichana kadhaa walikuwa hawanywi maji tangu asubuhi ili wasilazimike kukitumia. Walimu tuliokuwa pale kila siku hatukulijua jambo hilo muhula mzima. Komeo lilifungwa siku iliyofuata.

Tukio hilo linanirudisha kwenye jambo ambalo ni vigumu kwangu kuliandika, lakini bila hilo barua hii ingekuwa ya upande mmoja. Wanafunzi wana ya kusema kuhusu sisi walimu pia, na si yote yanapendeza. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na tabia ya kusoma alama za mtihani kwa sauti mbele ya darasa, kuanzia ya juu hadi ya chini, nikiamini kwamba aibu itawachochea waliobaki nyuma. Miaka mingi baadaye nilikutana na mmoja wa waliokuwa wakisomwa mwisho. Alinisalimia kwa heshima yote, akaniamkia kama mwanafunzi anavyomwamkia mwalimu wake, kisha akanieleza kwamba siku za matokeo alikuwa akitapika asubuhi kabla ya kuja shule. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unazitaka serikali zihakikishe kwamba nidhamu ya shule inaendeshwa kwa namna inayolinda utu wa mtoto, na mimi niliyekuwa nikifundisha chini ya mkataba huo nilihitaji kuambiwa na mtoto mwenyewe, tena akiwa mtu mzima, kwamba nilikuwa nikimuumiza. Laiti angekuwa na mahali pa kulisema wakati ule, pasipo hofu, ningebadilika mapema, na asubuhi zake nyingi zingekuwa nyingine.

Ninachokiomba, kwa hiyo, hakitoki nje ya wajibu ambao serikali zenu zimekwisha kuukubali. Kifungu cha 12 cha mkataba huo huo kinampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966 chini ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani linasema kwamba vyama vya walimu vishirikishwe katika kuamua sera za elimu, na tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kila mwaka kama Siku ya Walimu Duniani. Hotuba za siku hiyo nimezisikia nyingi. Sijawahi kuulizwa swali hata moja siku hiyo.

Kama yupo anayedhani kwamba shule za umma zinaweza kusimamiwa bila kuwasikia waliomo, akumbuke mwaka 2020. Shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walibaki nyumbani, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua kilichokuwa kikiendelea katika elimu ya mtoto isipokuwa mtoto mwenyewe na waliokuwa naye nyumbani. Mwanangu wa mwisho alikuwa mmoja wao. Mimi ni mwalimu, na bado nililia siku moja jikoni kwa kushindwa kumfundisha mwanangu kugawanya, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa mpweke. Wazazi wengi walijifunza katika miezi ile jinsi watoto wao wanavyosoma, wanapokwama, na kile wanachokiogopa, maarifa ambayo shule haikuwahi kuwa nayo. Shule zilipofunguliwa, katika shule niliyokuwapo tulipewa ratiba mpya ya kufidia vipindi. Sikumbuki mtu yeyote akiwauliza wazazi walichokiona.

Waheshimiwa, ninaomba pawepo utaratibu, ulioandikwa na unaojulikana kwa kila shule, kwamba kabla ya uamuzi wowote mkubwa unaogusa maisha ya darasani, uwe wa mtaala, wa mitihani, wa kuunganisha shule au wa kuhamisha walimu, watu wa shule zitakazoguswa wasikilizwe katika saa wanazoweza kufika na kwa lugha wanayoielewa. Wasiojua kuandika wapokewe kwa mdomo, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema. Wakaguzi wapewe muda wa kukaa na wanafunzi bila mwalimu kuwapo, na mara nyingine waje bila kutangaza. Mwalimu anayesema ukweli kuhusu shule yake alindwe dhidi ya barua ya uhamisho inayokuja kwa bahati mbaya mwezi unaofuata, na mwanafunzi anayesema ukweli kuhusu mwalimu wake alindwe dhidi ya mwalimu huyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni jibu. Kusikiliza bila kujibu kumekwisha kuwachosha watu. Visanduku vya maoni vimetundikwa katika shule nyingi, na nimewahi kufanya kazi mahali ambapo ufunguo wa kisanduku hicho ulipotea na hakuna aliyeona haja ya kuutafuta. Anayetoa ushuhuda wake apewe jibu la maandishi, ndani ya muda uliotajwa, likisema kilichofanyika au kwa nini hakikufanyika, na chini yake liwe na cheo cha mtu anayewajibika. Jibu la hapana, likiwa na sababu, mzazi analipokea. Ukimya ndio unaomwondoa shuleni, na akishaondoka yeye, mtoto wake naye huanza kuondoka, taratibu, hata kama jina lake bado limo katika mahudhurio.

Ninajua kutakuwa na hoja kwamba kazi hii ni kubwa na watumishi ni wachache. Ni kweli kwamba inahitaji watu na muda. Lakini tayari tunatumia muda mwingi kukusanya taarifa ambazo hakuna anayezifanyia kazi, na ningefurahi kuona nusu ya fomu ninazojaza zikiondolewa ili saa hizo zitumike kuzungumza na wazazi. Ipo pia hoja kwamba watu watasingizia na kutia chumvi. Wapo watakaofanya hivyo, kama wapo wanaotia chumvi katika ripoti rasmi. Uchunguzi wa haki huutenga uongo na ukweli, na hakuna uchunguzi unaoweza kuanza pale ambapo hakuna aliyesema kitu.

Wala msidhani kwamba madaftari yangu yamejaa huzuni tupu. Yumo bibi aliyekuja shuleni kila Ijumaa kusikiliza mjukuu wake akisoma, hata akaishia kujifunza kusoma naye. Wamo wanafunzi waliogawana zamu za kumsukuma mwenzao kwenye kiti cha magurudumu bila kuagizwa na mwalimu yeyote, wakatunga na ratiba yao wenyewe ukutani. Wamo walimu waliofundisha somo lisilo na mwalimu kwa mwaka mzima, juu ya mzigo wao, kwa kuwa hawakuweza kuvumilia kuona watoto wamekaa bure. Haya nayo hayamo katika taarifa zilizowafikia, nanyi mngenufaika kuyajua, maana yanaonyesha mahali ambapo shule inasimama kwa nguvu za watu wake na ambapo msaada mdogo ungezaa mengi.

Majina yote nimeyafunika, kwa heshima ya walioniamini. Madaftari yenyewe yamo katika kabati la darasa langu. Mkimtuma mtu ayasome nitampokea siku yoyote ya kazi, lakini ningemwomba afike asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wakati wazazi wanawaleta watoto langoni, kwa kuwa saa hiyo mama yule wa barua mbili hupita na mwanawe mdogo, na swali lake bado analo.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu na mzazi wa shule ya umma